Shajara ya mradi: ampea za mashine ya kusaga, Uyole

Jumatatu

Kazi ni ya mashine ya kusaga na kukoboa hapa Uyole, Mbeya, karibu na njia panda ya kwenda Tukuyu. Mwenye mashine ni mama mmoja ambaye wateja wake wengi ni wauza sembe wa mjini. Shida yake ni moja: mota ya kusaga imeshasukwa upya koili zake zaidi ya mara moja, na kila ikirudi kutoka kwa msukaji inafanya kazi msimu mmoja, kisha inaanza kunuka tena. Sasa ni Julai, mahindi mapya yanaingia kila siku, na foleni ya magunia imefika hadi mlangoni.

Baada ya shikamoo na marahaba aliniambia hivi: "Fundi, kila anayekuja ananiambia ninunue kitu. Mimi nataka kwanza nijue mota inaungua kwa nini." Nikamjibu, "Sawa mama. Tutahesabu kwanza, kununua kutafuata." Ndiyo maana naandika shajara hii na namba zote ndani, ili fundi mwingine akija baada yangu azikague.

Kwenye banda kuna mota tatu: ya kusaga kilowati 22, ya kukoboa kilowati 15, na ndogo ya kupandisha mahindi, kilowati 2.2. Umeme ni wa njia tatu (fezi tatu), volti 400, mizunguko 50 kwa sekunde. Mita iko mbele barabarani, banda liko nyuma ya nyumba, na kebo iliyopo kati yao ina urefu wa mita 60 hivi.

Kibati cha mota ya kusaga kilikuwa kimefunikwa na unga uliogandana na mafuta. Nilikifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa hadi maandishi yakasomeka: 22 kW, 400 V delta (namna koili tatu zilivyoungwa), pawa fakta 0.85, ufanisi asilimia 89.9, mizunguko 1470 kwa dakika, 41.6 A.

Jumatatu jioni: hesabu ya kwanza

Ampea tayari zimeandikwa kwenye kibati, lakini sikuridhika kuzisoma tu. Kuna mota nyingi ambazo kibati kimeng'oka au kimepakwa rangi, na unachojua ni kilowati peke yake. Anayejua njia ya kutoka kwenye kilowati kwenda kwenye ampea hahitaji kubahatisha kebo.

Njia ni hii: ampea ni sawa na wati, gawa kwa (1.732 × volti × pawa fakta × ufanisi).

Kwa mota hii: 22,000 ÷ (1.732 × 400 × 0.85 × 0.899) = 41.6. Inalingana na kibati.

Sasa tazama linalotokea mtu akiruka kipande kimoja. Akisahau ufanisi anapata 37.4. Akisahau ufanisi na pawa fakta pia, anapata 31.8. Tofauti kati ya 31.8 na 41.6 inatosha kumfanya mtu achague kebo iliyo ndogo kwa hatua nzima. Ufanisi ndio unaosahaulika zaidi, na sababu yake ni kwamba wengi hudhani kilowati 22 za kwenye kibati ndizo zinazotoka kwenye mita. Sivyo. Kilowati za kibati cha mota ni kazi inayotoka kwenye shafti, yaani ile inayozungusha nyundo za mashine. Umeme unaoingia ni 22 ÷ 0.899, karibu kilowati 24.5. Hizo mbili na nusu zinazopotea ndizo joto unalolisikia ukiweka mkono kwenye bodi. Kwa jiko au hita, kilowati zilizoandikwa ni zile zinazoingia, kwa hiyo ufanisi hauhitajiki pale. Kwa mota unahitajika siku zote.

Pawa fakta nayo ina sababu yake. Mota hutumia sehemu ya ampea kujenga usumaku ndani ya koili, na ampea hizo hazitoi kazi kwenye shafti. Hata hivyo zinapita kwenye waya zilezile na kuupasha waya moto uleule. Ndiyo maana kebo huchaguliwa kwa ampea zote, zenye kazi na zisizo na kazi.

Na 1.732? Hiyo ni kipeuo cha pili cha 3. Kijana ninayefanya naye kazi, aliyemaliza chuo cha ufundi juzijuzi, aliniuliza kwa nini tusizidishe kwa 3 tu, maana njia ni tatu. Ukweli ni kwamba unaweza, ila lazima ubadilishe na volti. Fikiria wanawake watatu wanaotwanga kwenye kinu kimoja kwa zamu: mchi wa kwanza uko chini, wa pili unapanda, wa tatu unashuka. Fezi tatu zinakwenda hivyo, kila moja ikiwa nyuma ya mwenzake kwa theluthi ya mzunguko. Kwa kuwa kilele chao hakifiki pamoja, volti kati ya fezi na fezi si mara mbili ya volti kati ya fezi na nyutro, bali ni mara 1.732. Volti 230.9 mara 1.732 ni 400. Kwa hiyo mtu anayependa 3 agawe kazi mafungu matatu: 22,000 ÷ 3 ni 7,333, kisha 7,333 ÷ (230.9 × 0.85 × 0.899) inatoa 41.6 ileile. Nilimwachia aifanye mwenyewe kwenye simu yake, na alipoona namba ileile akairudia mara ya pili kwa raha.

Jumanne: kupima mashine ikiwa kazini

Hesabu ya jana inasema mota inapaswa kula ngapi. Leo nilitaka kujua inakula ngapi hasa. Nilisubiri saa nne asubuhi, saa ambayo foleni imeshika, mahindi yanaingia bila kukatika.

Volti mbele kwenye mita, kati ya fezi na fezi: 389. Volti kwenye vituo vya stata (boksi la kuwashia mota) bandani, wakati uleule: 372. Klampu mita, kile kipimo cha ampea kinachoukumbatia waya kwa nje, kwenye waya unaoingia kwenye stata: 44.6 A.

Soma namba hizo tatu kwa pamoja. Kati ya mita na banda zinapotea volti 17. Na mota inakula ampea 3 zaidi ya kibati.

Jambo hili huwashangaza wenye mashine: volti zikishuka, ampea zinapanda. Nyundo zinataka kazi ileile kusaga mahindi yaleyale, hazijui kama volti ni 400 au 372. Kwenye ile kanuni yetu volti ziko chini ya mstari, basi zikipungua jibu linakua. 41.6 × 400 ÷ 372 ni 44.7. Klampu imeonyesha 44.6. Sijawahi kuchoka kufurahia hesabu ya karatasi inapokutana na kipimo namna hiyo.

Kebo iliyopo ni ya shaba, PVC, milimita 6 za mraba. Jedwali la Uingereza, ambalo mafundi wengi wa kwetu wamelisomea, linasema kebo ya aina hiyo yenye nyaya tatu au nne hupoteza milivolti 6.4 kwa kila ampea kwa kila mita. 6.4 × 44.6 × 60 ÷ 1,000 = volti 17. Hapo hakuna siri tena.

Jedwali hilohilo linasema kebo hiyo ikifungwa ukutani inabeba ampea 41 au 42, kutegemea kama ina ngao ya chuma au haina. Sisi tunaipitisha 44.6 mchana kutwa. Nilipoishika mahali inapoingia bandani ilikuwa na joto la kikombe cha chai kilichoanza kupoa, na ganda lake limeanza kuwa gumu.

Jumatano: ndani ya boksi la stata

Nilizima swichi kuu, nikafunga kufuli, nikaweka funguo mfukoni, kisha nikapima kila fezi kuhakikisha hakuna umeme. Kwa mashine yenye watu wanaopita huku na huku hatua hii hairukwi hata siku moja.

Stata ni ya sta-delta, yaani inaiwasha mota koili zikiwa zimeungwa sta, zenye volti pungufu, kisha inazihamishia delta, zenye volti kamili. Ndani kuna kontakta tatu (swichi zinazovutwa kwa sumaku), taima ya kuhamisha, na ovalodi, kifaa cha kuizima mota ikizidi ampea zilizowekwa. Breka yake ni 63 A. Ovalodi ina kirungu cha kuzungusha chenye alama kutoka 23 hadi 32, na mshale ulikuwa umesukumwa hadi mwisho, 32.

Kijana akaniuliza swali ambalo ningependa kila fundi aliulize: "Kaka, kibati kinasema 41.6 na ovalodi imewekwa 32. Si imebanwa chini ya kibati? Mbona mota inaungua?"

Jibu liko kwenye mahali ovalodi ilipofungwa. Kwenye stata hii imefungwa chini ya kontakta kuu, ndani ya mzunguko wa delta. Pale hazipiti ampea za laini, yaani za waya unaotoka kwenye mita. Zinapita ampea za koili moja. Kwenye delta, waya wa laini unagawanyika kwa koili mbili, na kwa sababu fezi zinapishana, ampea za koili ni za laini gawa kwa 1.732. 41.6 ÷ 1.732 = 24. Ukitaka kuthibitisha: koili tatu, kila moja volti 400 na ampea 24, mara 0.85, mara 0.899, ni karibu wati 22,000. Imekamilika.

Basi ovalodi ilitakiwa kuwa 24. Ikiwa 32, ni sawa na kuiruhusu laini ipitishe 55 A. Na haiishii hapo. Ovalodi za kawaida hazitakiwi kuruka kwenye mara 1.05 ya kiwango zilichowekewa. Zinatakiwa kuruka zikifika mara 1.2, na hata hapo zinaweza kuchukua hadi saa mbili. 32 × 1.2 × 1.732 ni 66 A na kitu. Maana yake mota ya 41.6 ingeweza kwenda hadi zaidi ya 60 bila kifaa chochote kuizima kwa haraka, na kebo ya 42 ilikuwa inalindwa na breka ya 63. Mota haikuwa na mlinzi, na kebo nayo haikuwa na mlinzi.

Aliyeisukuma hadi 32 nadhani naelewa alichokuwa akifanya. Volti zilikuwa chini, ovalodi ikawa inaruka wateja wakiwa kwenye foleni, basi akaipandisha ili kazi iendelee. Wateja wakahudumiwa, koili zikaanza kuiva taratibu.

Nilimweleza mama haya yote kwa kumwonyesha mshale na kumwandikia 24 kwa chaki kwenye mlango wa boksi. Akasema, "Ndaga (asante), mwanangu. Kumbe hicho kidude kidogo ndicho kimekula hela zangu." Kidude na kebo, mama. Vyote viwili.

Ijumaa: madukani Mwanjelwa

Kuchagua kebo. Nililinganisha mbili, kwa ampea 41.6 na mita 60:

Ya milimita 10 za mraba hupoteza milivolti 3.8 kwa kila ampea kwa kila mita, jumla volti 9.5, asilimia 2.4. Inabeba ampea 57 au 58, lakini breka yetu ni 63, kwa hiyo breka inaizidi kebo. Ya 16 hupoteza milivolti 2.4, jumla volti 6, asilimia 1.5, na inabeba 76 au 77. Mpangilio unakaa sawa: mota 41.6, breka 63, kebo 76. Nikachukua ya 16.

Mama aliuliza kama tofauti ya bei kati ya 6 na 16 itarudi. Swali la haki. Kwenye kebo ya 6, joto linalopotea njiani ni karibu wati 1,320. Kwenye ya 16 ni wati 470 hivi. Ni wati 850 ambazo mita ilikuwa inazihesabu kila saa na hazikusaga hata punje. Mashine ikisaga saa 8, ni karibu uniti 7 kwa siku.

Dukani nilikwenda na kalipa, kifaa cha kupimia kipenyo. Kebo ya shaba ya 16 ya kweli huwa na nyuzi 7, kila moja kipenyo cha milimita 1.7. Kwenye roli la kwanza nililoonyeshwa nyuzi zilikuwa 7, ila kipenyo ni 1.5. Zidisha: kila uzi ni milimita za mraba 1.77, mara 7 ni 12.4. Ganda limeandikwa 16. Mtu akinunua hiyo, hesabu zake zote nzuri za nyumbani zinaharibikia dukani. Nilikwenda duka jingine, nikapata ya 1.7. Nawasihi wenzangu: kalipa si kifaa cha mafundi mitambo peke yao.

Jumamosi: kubadilisha na kupima tena

Tulianza mapema kabla wateja hawajafika. Baridi ya Julai ilikuwa kali hata vidole vikawa vizito kwenye skrubu. Kebo mpya imevutwa, vichwa vimebanwa kwa lagi (vishikizo vya chuma vya ncha za waya), ardhi imeunganishwa na kukazwa. Ovalodi: 24.

Mashine ikianza kusaga: mbele 389, bandani 383, ampea 43.3. Kebo imerudisha volti 11 na kupunguza ampea kidogo zaidi ya 1. Kumbuka mota nyingi zinatakiwa kutoa kazi yao kamili volti zikiwa ndani ya asilimia 5 ya kibati. 383 iko ndani, 372 haikuwamo.

43.3 bado inazidi kibati. Hapo tatizo lililobaki si la umeme, ni la kilango cha mahindi. Kijana wa mashine alikuwa amezoea kukifungua chote ili gunia liishe haraka. Tulisimama pamoja, mimi na klampu, yeye na mkono kwenye kilango, tukakifunga kidogokidogo hadi ikasoma 40, tukapiga alama ya rangi pale. Gunia linachelewa kidogo, mama amekubali bila ubishi.

Jambo la kuwasha: mota hii ikiwashwa moja kwa moja ingevuta mara 6 au 7 ya ampea zake, yaani hadi 270 au zaidi. Kwenye sta inavuta theluthi ya hizo, karibu 90. Lakini nguvu ya kuzungusha nayo inabaki theluthi. Kwa hiyo mashine iwashwe tupu, kilango kimefungwa, na mahindi yaingie baada ya taima kubadilisha. Mashine ikisimama ghafla umeme ukikatika, mahindi yaliyobaki ndani yatolewe kwanza. Hili nimeliandika kwa kalamu nzito ukutani.

Jumapili, maelezo mawili

La kwanza ni la huku kwetu milimani. Mota hutengenezwa kwa kudhani itafanya kazi hadi mita 1,000 juu ya usawa wa bahari na joto la hewa hadi nyuzi 40. Mbeya iko takriban mita 1,700. Hewa ni nyepesi, feni inapuliza kidogo kuliko ingepuliza Dar es Salaam. Fidia yake ni asilimia 1 ya kiwango cha kupanda joto kwa kila mita 100 zinazozidi 1,000. Kwa mota ambayo kinga ya koili zake ni ya daraja F, ambayo inaruhusiwa kupanda nyuzi 105, ni kama nyuzi 7: badala ya kuvumilia hewa ya nyuzi 40, kilowati zilezile inazivumilia kwenye hewa ya nyuzi 32 au 33. Na hapo baridi yetu inatulipa, kwa sababu hewa ya nje hapa ni nadra kufika huko. Ila ndani ya banda la bati lenye mota tatu, saa nane mchana, mwezi wa Oktoba, ni hadithi nyingine. Nimeshauri bati moja la pembeni litolewe na kuwekwa wavu, na mapezi ya mota yapigwe brashi kila jioni. Unga ukiziba mapezi, ampea zinaweza kuwa sawa kabisa na mota ikaungua vilevile.

La pili: mtoto wa mama anachomelea mageti kwa mashine ya njia moja, na ameiunga kwenye fezi moja ya banda. Akichomelea, volti za fezi na fezi zinakuwa 391, 389 na 381. Wastani ni 387, iliyo mbali zaidi inaachana nao kwa 6, yaani asilimia 1.6. Inaonekana ndogo, lakini kwenye mota inayofanya kazi kamili, tofauti ya ampea kati ya fezi inaweza kuwa mara 6 hadi 10 ya hiyo, na koili moja inabeba mzigo wa wenzake. Tumekubaliana achomelee jioni, mashine ikiwa imezimwa.

Zinazobaki

Mota ya kukoboa: 15,000 ÷ (1.732 × 400 × 0.84 × 0.887) = 29.1 A. Ndogo ya kupandisha: 4.9 A. Zote tatu zikifanya kazi pamoja ni 75.6 A, au kVA 52 (volti mara ampea mara 1.732, bila kuzidisha kwa pawa fakta). Swichi kuu ya 100 A inatosha.

Stata ya kukoboa bado sijaifungua. Ikiwa ovalodi yake nayo imefungwa ndani ya delta, itawekwa 16.8. Ikiwa iko kwenye laini, 29. Nitafuata waya kwa mkono kutoka kontakta hadi ovalodi kabla ya kugusa kirungu.

Kapasita za kurekebisha pawa fakta nimezihesabu kwa ajili ya baadaye: kutoka 0.85 hadi 0.95 kwa kilowati 44 zinazoingia zinahitajika kVAR 12.8 (kipimo cha ile sehemu ya umeme isiyotoa kazi), na zinazopatikana madukani ni 12.5. Ampea za jumla zitashuka hadi 67 hivi. Uniti za mita hazitapungua sana kwa hilo, na mama nimemwambia hivyo waziwazi, ili aamue akijua. Amesema tumalize kwanza kukoboa. Jumanne naenda na ngazi na klampu.